Kadi ya T-money: maoni yangu baada ya siku 9 Korea Kusini, kwa wanaoenda mara ya kwanza

Naanza na jibu kabisa ili asiye na muda asome hapa aendelee na shughuli zake. Kama unaenda Korea Kusini mara ya kwanza na unataka kuujua utamaduni wao, sio kupiga picha tu na kurudi, nunua kadi ya T-money, ile ya kulipia nauli, saa ileile unayoshuka kwenye ndege, weka won elfu ishirini, alafu panda treni na mabasi ya wenyeji. Naipa 9 kwa 10. Hiyo moja iliyobaki ntaeleza mbele.

Mimi na mdogo wangu tulienda mwishoni mwa Oktoba 2025, siku tisa, Seoul na Gyeongju. Sisi ni watoto wa Tanga tunaoishi Dar, tumekua na tamthilia za Kikorea zile zilizotafsiriwa Kiswahili, za wafalme na mapanga, kwahiyo ilikua safari tuliyoiwekea hela miaka mitatu. Wenye pasi ya Tanzania tunahitaji viza kabla ya kusafiri, anzeni mapema ubalozini wao pale Dar, karatasi za kazi na benki ziwe zimekamilika, hilo sitalisemea zaidi.

Sasa hii kadi. Ilianza mwaka 2004 pale Seoul walipopanga upya mabasi yao yote, na leo ni kadi ya kila mtu, mwanafunzi, bibi anayeenda sokoni, bosi mwenye suti. Ni kama wa Dar wanavyoijua kadi ya mwendokasi, unagusa mlangoni inalia unapita, ila hii inafanya kazi treni za chini ya ardhi, mabasi ya mjini, teksi nyingi, na hata kununua maji na mkate kwenye vile viduka vyao vya GS25 na CU vilivyopo kila kona. Tuliinunua kwenye kiduka cha hivyo pale uwanja wa ndege wa Incheon, zipo za bei tofauti kulingana na picha iliyochorwa juu, ile ya kawaida ni won elfu chache tu, na hiyo bei ni ya kadi tupu, haina hela ndani, unaiongeza mwenyewe. Hapa ndipo wageni wengi wanakwama: sisi kuongeza salio tulitumia hela taslimu. Mashine zote tulizokutana nazo stesheni zilitaka noti, na usifikiri utagusa kadi yako ya benki ya nyumbani pale getini kama wanavyofanya London, geti halifunguki. Kwahiyo ukishuka tu, toa won kwenye ATM iliyoandikwa Global, alafu ndio uende kwa kadi.

Kutoka Incheon kwenda mjini kuna treni mbili za AREX zinazotumia njia moja. Kuna ya moja kwa moja inayofika Seoul Station ndani ya dakika 43 kutoka jengo la kwanza la abiria, ina tiketi yake na bei yake, na kuna ile inayosimama kila kituo, inachukua kama saa moja, hiyo ndio unagusa T-money na nauli ni karibu won elfu tano. Sisi tulipanda ya vituo na sijutii hata kidogo. Ndani mulikua na wafanyakazi wa uwanjani wanarudi makwao, kimya, viatu safi, na mama mmoja aliyesogeza begi lake kwa mikono miwili ili mdogo wangu apate pa kuegemeza la kwake. Dakika ishirini za kwanza Korea na tulishaanza kujifunza.

Nauli ya treni ya mjini ni won 1,550 tangu Juni 2025 kwa kilomita 10 za mwanzo, kama shilingi 2,600 au 2,700 za kwetu, alafu inaongezeka won 100 kwa kila kilomita 5. Basi la kawaida ni 1,500. Utamu wake uko kwenye kubadilisha: ukishuka treni ukapanda basi ndani ya dakika 30 hulipi nauli mpya, unaunganisha safari mpaka mara nne, na usiku kuanzia saa tatu wanakupa saa nzima. Mashine ya basi inakutamkia kabisa "hwanseungimnida", maana yake umeunganisha, mdogo wangu alikua anafurahi kila akilisikia hilo neno. Ila sharti lake kubwa, na nawaomba mlishike, LAZIMA uguse tena wakati wa KUSHUKA basi, kwenye mlango wa nyuma. Usipogusa hakuna kuunganisha, na safari inayofuata unalipa upya. Na kama mko wawili mna kadi moja, kwenye basi mwambie dereva "du myeongiyo" kabla hujagusa, yaani watu wawili, anabonyeza anakukata nauli mbili. Treni hapana, kila mtu na kadi yake.

Niseme kwanini naisifia hivi. Siku ya pili tulikua tumeshalipia huku nyumbani "siku ya utamaduni" kwa kampuni moja ya matembezi. Basi zuri, kiongozi ana kipaza sauti, ila ikulu ya Gyeongbokgung tulipewa dakika arobaini, sokoni nusu saa, alafu duka la ginseng, ule mzizi wao wa dawa, saa nzima na duka la vipodozi saa nzima, tumekaa kwenye viti tunaelezewa krimu. Hela tuliyolipa pale ingetutembeza kwa T-money siku zote tisa na chenji ikabaki. Niliumia kweli. Kesho yake tukasema basi, kadi, ramani, miguu. Na karibu kila kitu ninachokikumbuka vizuri kuhusu Korea kilitokea kuanzia hiyo kesho.

Kwenye treni utajifunza adabu yao haraka kuliko kitabu chochote. Kila behewa mwisho mwisho kuna viti vya pembeni vya wazee na wasiojiweza, hivyo kijana hakai hata behewa likiwa tupu. Mdogo wangu alikaa siku ya kwanza hakujua, babu mmoja akasimama mbele yake akamtazama tu, hakusema neno, na behewa zima likawa linatazama pia. Alinyanyuka akainama akaomba radhi, babu akaitikia kwa kichwa yakaisha. Kuna viti vya waridi pia, hivyo ni vya wajawazito, mnaviacha wazi hata kama haonekani mjamzito yeyote, kwasababu wa mimba changa haonekani na wanasema asipate shida ya kuomba. Nililipenda sana hilo. Simu mnaongea kwa sauti ya chini au mnaacha kabisa. Kwenye basi la Seoul usipande na kikombe cha kahawa kilicho wazi, dereva ana haki ya kukukatalia tangu 2018. Na stesheni za kubadilisha treni, kabla hamjafika, wanapiga kipande kifupi cha muziki wao wa jadi, ukiusikia jua hapa kuna njia nyingine, hata aliyesinzia anaamka.

Vyoo vya stesheni ni bure, safi, vina karatasi. Mama mwenye mtoto mdogo aelewe ninachosema. Vingine viko nje ya geti, na hapo pia T-money inakusaidia, ukitoka ukarudi stesheni ileile ya Seoul ndani ya dakika 15 haikukati tena.

Kuhusu kutopotea. Ramani ya Google kule haikutuongoza vizuri kwa miguu, pakua Naver Map, ina Kiingereza, inakwambia mpaka upande behewa namba ngapi ili ushuke karibu na ngazi. Wakorea wakikuelekeza mahali hawasemi "karibu na mwembe" au "ukiona sheli kata kulia", wanasema namba ya mlango wa kutokea stesheni. "Toka namba 3." Stesheni moja inaweza kua na milango kumi na zaidi, ukitoka usiostahili unajikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane. Andika namba ya mlango kabla hujapanda. Na nawashauri kabisa mjifunze herufi zao kabla ya kwenda, Hangul. Mfalme Sejong aliziunda mwaka 1443 zikatangazwa 1446 ili mtu wa kawaida aweze kusoma, na kweli zinasomeka, mi nilichukua wiki mbili jioni baada ya kazi nikawa nasoma vibao polepole. Husomi kwa kuelewa, unasoma sauti, lakini ukiwa kwenye basi ambalo kibao hakina Kiingereza hiyo sauti ndio inakushusha pahala pake. Sanamu ya Sejong ipo uwanja wa Gwanghwamun na chini yake kuna makumbusho ya bure, watu wanapiga picha juu wanaondoka hawajui kama kuna mlango nyuma.

Ikulu ya Gyeongbokgung tuliirudia kwa kadi zetu, njia ya 3, stesheni ina jina hilohilo, toka namba 5 unatokezea ndani kabisa ya eneo la ikulu. Kiingilio won 3,000 na ukivaa hanbok, mavazi yao ya jadi, unaingia BURE. Jumanne inafungwa, watu wanafunga safari wanakuta geti limefungwa, wakati Changdeokgung inafungwa Jumatatu, pangeni hivyo. Kubadilishana kwa walinzi ni saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ikulu hii ilijengwa 1395, ikaungua 1592 wakati Wajapani walipovamia, ikakaa magofu zaidi ya miaka 270 mpaka ikajengwa upya 1867, alafu Wajapani walipoitawala Korea majengo mengi yakabomolewa tena, na mpaka leo bado wanaendelea kurudishia. Ukijua hivyo unaangalia zile mbao zilizopakwa rangi za kijani na nyekundu kwa jicho jingine.

Hanbok tulikodi kwenye duka moja karibu na pale. Someni masharti ya muda kabla ya kulipa, sisi tulichelewa kurudisha tukalipishwa zaidi na hakuna aliyetuambia mwanzoni, ilikua imeandikwa Kikorea tu ukutani. Lakini kuvaa kwenyewe, jamani, sketi yake ni pana, inasitiri, mikono mirefu, mdogo wangu alivaa na mtandio wake chini ya kofia ya hariri na hakuna aliyemshangaa. Bibi mmoja alimsimamisha akamfunga upya ule utepe wa kifuani kwasababu haukukaa sawa. Akamaliza akampigapiga begani akaenda zake.

Kijiji cha Bukchon, zile nyumba za zamani za hanok, ni mwendo mfupi kutoka stesheni ya Anguk. Nendeni kuanzia saa nne asubuhi na muwe mmetoka kabla ya saa kumi na moja jioni, nje ya hapo kuna eneo ambalo mtalii haruhusiwi na faini ni won 100,000. Watu wanaishi mle. Mngependa wageni mia wapige picha dirishani kwenu watoto wamelala? Nongoneni tu.

Sasa soko la Gwangjang, hapa nitakaa kidogo. Njia ya 1, stesheni ya Jongno 5-ga. Ukiingia unakutana na harufu ya mafuta na mvuke na kina mama wamesimama nyuma ya meza zao kama mama ntilie wetu kabisa, aproni, mikono inaenda mbiombio, wanakuita ukae kwenye benchi. Chakula maarufu pale ni bindaetteok, na mtashangaa, ni CHOROKO. Choroko zilezile tunazozipika na nazi, wao wanaziloweka, wanazisaga kwa jiwe la kusagia linalozunguka mbele yako, wanachanganya na mboga, wanakaanga kwenye mafuta mengi kama chapati nene. Nilisimama pale naangalia lile jiwe nikamkumbuka bibi yangu Muheza. Kwa Waislamu, ulizeni kwanza, nyingi zinatiwa nguruwe na hata isiyotiwa inakaangwa kikaango kilekile. Jifunzeni maneno haya mtaokoka: dwaejigogi ni nguruwe, sogogi ni ng'ombe, dakgogi ni kuku. Sisi tulikula uji wa boga, hobakjuk, mzito, mtamu kwa mbali, unauzwa hapohapo sokoni, na asubuhi ya baridi unaingia mpaka miguuni. Kuna na uji wa maharage mekundu, patjuk. Viduka vya kona vina wali uliofungwa pembe tatu kwa mwani, tafuta ulioandikwa chamchi, hiyo ni samaki jodari, ulituokoa mara nyingi.

Na hapo sokoni ndio nilijifunza neno imo. Maana yake hasa ni dada wa mama, yaani mama mdogo au mama mkubwa, na wateja wanawaita hivyo kina mama wanaouza chakula. "Imo!" Kama sisi tunavyosema mama kwa mtu ambaye hata hatumjui. Ila mgeni asikimbilie, dada wa umri wa kati anaweza asipende, anza na "yeogiyo", yaani "samahani, hapa", hiyo haina ubaya kwa mtu yeyote, na migahawani mara nyingi kuna kitufe mezani unabonyeza wanakuja. Yule mama tuliyekula kwake alituuliza kwa ishara nani mkubwa kati yetu, nikajinyooshea, akaniwekea mimi bakuli kwanza. Mdogo wangu akasubiri nianze. Kwa kweli halikua jambo la kufundishwa, tumelelewa hivyohivyo. Salamu zao nazo zina ngazi kama shikamoo yetu, annyeonghaseyo ni ya heshima, annyeong peke yake ni kama kumwambia bibi wa watu "mambo", usijaribu. Hela unatoa na kupokea kwa mikono miwili, au wa kulia huku wa kushoto umeushika mkono. Bakshishi hakuna, ukiacha hela mezani wanakukimbilia barabarani kukurudishia. Vile visahani vya mboga na kimchi, kabichi yao iliyochachushwa, ni bure na unaongezewa, japo kimchi nyingi zina uduvi au samaki wa kutiwa chumvi kwa wenye mzio. Vijiti vya kulia ni vya chuma, vyembamba, vinateleza, omba kijiko bila aibu, wao wenyewe wali wanaula kwa kijiko.

Ijumaa tulienda Itaewon, njia ya 6, toka namba 3 alafu unapanda kilima. Msikiti mkuu wa Seoul uko juu pale tangu 1976, ardhi walipewa na serikali ya Korea, una minara miwili unaonekana kwa mbali, na mtaa mzima unaouzunguka ni wa migahawa halali na maduka ya nyama. Tulisali, tukala biriani, tukakutana na Wasomali wawili na Mkenya mmoja wa Mombasa anayesoma kule, tukaongea Kiswahili mpaka magharibi. Kama chakula kinakupa wasiwasi, tafuta malazi karibu na njia ya 6 uwe unarudi huku jioni.

Jjimjilbang, zile sauna zao za familia nzima, nendeni mara moja. Upande wa kuogea wanawake na wanaume wametengwa ila ndani wote mko uchi kabisa, hakuna nguo, na unajiosha kwanza kabla hujagusa bwawa. Kuna kina mama wanaosugua mwili kwa glovu ya kukwaruza, wa Unguja na Pemba mkisikia mtasema ni singo isiyo na maua. Kwa sisi suala la sitara lilikua zito, tukaoga tulikofikia, tukakaa upande wa pamoja ambako kila mtu amevaa fulana na bukta wanazokupa, tukalala kwenye sakafu ya moto, tukala mayai ya kuokwa na kinywaji cha wali, sikhye. Ilitosha na ilikua raha.

Siku ya sita tukaenda Gyeongju kwa KTX, treni yao ya kasi, kama masaa mawili. Hiyo tiketi ni nyingine, T-money haihusiki. (Treni za KTX-Sancheon zimetengenezwa na Hyundai Rotem, haohao waliotengeneza Mchongoko wetu wa SGR, nilikaa mle najisikia nyumbani.) Lakini ukishafika, kadi yako ya Seoul inalia vilevile kwenye basi la Gyeongju, hukununua kadi mpya, hukuuliza mtu. Huu ulikua mji mkuu wa ufalme wa Silla karibu miaka elfu moja na wafalme wao wamezikwa katikati ya mji chini ya vilima vya nyasi, viduara vikubwa vya kijani, watoto wa shule wanapita kando yake wanakula mkate wa maharage mekundu, hwangnam-ppang, unaotengenezwa pale tangu 1939. Kuna mnara wa mawe wa kuangalizia nyota, Cheomseongdae, wa karne ya 7, enzi za Seondeok, mwanamke wa kwanza kutawala Silla. Hauzidi sana mita 9. Sijui nilitegemea nini, lakini tulikaa mbele yake mpaka taa zikawashwa.

Basi namba 11 linakupeleka hekalu la Bulguksa, kiingilio kilifutwa Mei 2023, ni bure. Chukua sarafu ya won 10 uiangalie, mnara uliochorwa pale ni Dabotap, alafu inua macho uuone wenyewe mbele yako. Ukitaka kuchungulia ndani ya ukumbi tumia mlango wa pembeni, wa katikati ni wa watawa, na vua viatu. Hatukua pale kuabudu, tuliwaheshimu tu, na mtawa mmoja alituinamia tukamwinamia. Kwenye basi la kurudi lilijaa wanafunzi, dereva akasubiri mpaka bibi aliyekua anakuja polepole na toroli lake apande na akae kabisa ndio akaondoa gari. Hakuna aliyeguna.

Sasa ile alama moja niliyoikata. Kadi haina jina lako, ikipotea hela imepotea nayo. Mdogo wangu alidondosha ya kwake siku ya tano ikiwa na karibu won elfu kumi na nane, hakuna wa kumlilia, tukanunua nyingine. Kwahiyo usiweke nyingi kwa mpigo, ongeza elfu kumi kumi. Suala la hela taslimu nimeshalisema, nchi ambayo kila mtu analipa kwa simu lakini mgeni anatafuta noti ili apande treni, inachosha. Na kwa watoto wa kuanzia miaka 6 mpaka 12, nauli ya mtoto hauipati mpaka kadi isajiliwe kwenye kiduka kwa kuonyesha pasi yake, fanyeni hilo uwanja wa ndege kabla hamjasahau, walio chini ya hapo hawalipi wakiwa na mzazi.

Mtasikia pia kuhusu kadi nyingine, Climate Card, ya tangu 2024, ya mtalii ya siku 3 ni won 10,000 na ya siku 5 ni 15,000, unapanda bila kikomo. Kama utakaa Seoul tu na unapanda mara nne, tano kwa siku, piga hesabu inaweza kukulipa. Mi sikuichukua kwasababu haikutoi uwanja wa ndege wala haifiki Gyeongju, na sikutaka kuishi na kadi mbili.

Salio likibaki chini ya elfu ishirini unalirudishiwa kwenye viduka vingi, wanakata won 500. Mimi lilibaki 6,300 na sikulirudisha. Binti wa jirani yetu pale Mbagala anaenda kusoma Daejeon mwezi wa tatu, kadi nimempa na zile noti ndogo nilizobakiwa nazo, nimemwandikia na karatasi: gusa wakati wa kushuka.